Milimita ya roboti na milimita ya ini

Mkono wa roboti wa kawaida, wa aina ile inayokaza skrubu viwandani, hurudi mahali ulipoagizwa kwa tofauti isiyozidi milimita 0.1 hivi. Ushikishe mkono huohuo proba ya altrasaundi ya tiba, uuelekeze kwenye uvimbe ulio ndani ya ini la mtu anayepumua, na tofauti kati ya pale ulipolenga na pale mawimbi yalipotua inaweza kuvuka milimita 10 bila taa yoyote nyekundu kuwaka. Wauzaji hutangaza ile tarakimu ya kwanza. Anayelala kitandani anaipata ya pili. Msimamo wangu, kama mtu wa vifaa tiba, ni kwamba katika teknolojia hii mkono ndio sehemu rahisi kuliko zote, na faida yake yote inategemea kitu kingine: uwezo wa kuona mawimbi yametua wapi kabla nguvu haijapandishwa. Roboti isiyo na uwezo huo hukosea kwa utulivu mkubwa, na ikikosea hurudia kosa lilelile mara mia.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Wengi wanaijua altrasaundi kama kipimo cha mama mjamzito, ambapo mwangwi wa sauti isiyosikika hurudi na kuchora picha ya mtoto. Wengine wameikuta kwenye chumba cha fiziotherapia, mtaalamu akipaka jeli gotini na kuzungusha kichwa cha mashine ya megahezi 1 au 3 kwa dakika kadhaa. Ninayoizungumzia hapa ni ya tatu. Uso wa proba yake umepinda kuelekea ndani, au umegawanywa vipande vingi vinavyopigwa kwa kupishana kwa muda mdogo mno, ili mawimbi yote yakutane mahali pamoja ndani ya mwili. Ndivyo lenzi inavyofanya na jua: karatasi huungua pale miale inapokutana, ilhali kioo chenyewe kinashikika. Ngozi hupitisha mawimbi bila kuumia, na kule yanakokutana, kwenye fokasi, joto hupanda kupita nyuzi 56 za Selsiasi, ambapo seli hufa ndani ya sekunde moja hivi. Katika mbinu mpya zaidi iitwayo histotripsi, joto halitumiki. Mapigo mafupi yenye nguvu kubwa huzua viputo vidogo vinavyotanuka na kusinyaa ghafla, na tishu ikasagika ikawa ujiuji ambao mwili hujisafishia wenyewe.

Fokasi hiyo ni ndogo. Kwa mawimbi ya megahezi 1, ambayo urefu wake mwilini ni milimita 1.5 tu, upana wa fokasi huwa milimita 1 hadi 2 na urefu wake kama sentimita 1. Sasa chukua uvimbe wa kipenyo cha sentimita 3. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 14, na fokasi moja yenye upana wa milimita 2 na urefu wa milimita 10 hujaza milimita za ujazo 21. Unahitaji mapigo yapatayo 670, na zaidi ya hapo kwa sababu lazima yapandane kidogo pembeni yasiache mwanya. Hakuna mkono wa binadamu utakaokumbuka umeshapita wapi baada ya pigo la hamsini, na seli za saratani zikisalia kwenye mwanya wa milimita 3 zitakua upya. Kwa hiyo siipingi roboti hata kidogo. Kupanga mapigo mamia kwa mpangilio, kushikilia pembe ileile kwa saa nzima, kusogea milimita 2 kila mara bila kuchoka: hiyo ni kazi yake halali, na hakuna daktari anayepaswa kuionea wivu.

Na kusema kweli tiba hii haijawahi kutegemea mkono mtupu. Mwaka 1942 John Lynn na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba mawimbi yaliyokusanywa mahali pamoja yanaweza kuchoma tishu ya ndani na kuiacha ya juu. Miaka ya 1950 ndugu wawili, William na Francis Fry wa Chuo Kikuu cha Illinois, waliunda fremu za kulengea zilizobeba proba kadhaa kwa pamoja, na wakishirikiana na daktari wa upasuaji Russell Meyers wa Iowa wakatibu wagonjwa wa Parkinson. Ilibidi kwanza kipande cha fuvu kiondolewe, maana mfupa hunyonya mawimbi na kuyapindisha. Baadaye Lyon, nchini Ufaransa, ikatoa Ablatherm, mashine ya tezi dume ambayo proba yake huingizwa kupitia njia ya haja kubwa na kusogezwa na mota hatua kwa hatua, huku maji baridi yakilinda ukuta wa utumbo. Mrithi wake, Focal One, aliruhusiwa Marekani mwaka 2018. Huko Chongqing, China, tangu mwisho wa miaka ya 1990 mgonjwa amekuwa akilazwa juu ya tangi la maji lenye proba chini yake. Mitambo inasogea majini, mwili umetulia juu.

Ukiziangalia mashine hizi kwa makini utaona kitu ambacho vipeperushi havikisemi. Kila kundi lililofanikiwa lilifanikiwa kwa kuuzuia mwili au kwa kuchagua kiungo kisichotembea. Kichwa kinaweza kubanwa. Tezi dume imekaa ndani ya nyonga, sentimita chache tu kutoka kwenye proba. Kizazi hakipandi na kushuka kwa pumzi. Ini ndilo lililogoma kwa miaka mingi, na ni kwa sababu ya ini ndiyo roboti za kisasa zinatajwa sana leo.

Mwili haukai ulipoachwa

Anza na pumzi. Mtu aliyelala ametulia hupumua mara 15 hivi kwa dakika, na kila mara kiwambo kinaposhuka kinalisukuma ini chini kwa sentimita 1 hadi 2. Tuseme milimita 15, kwa mzunguko wa sekunde 4. Katikati ya safari hiyo ini hukimbia kwa kasi ya karibu milimita 12 kwa sekunde. Roboti inayotaka kulifuata inapaswa kupata picha, kuichambua, kuamua na kusogea; mfumo ukitumia sehemu ya tano ya sekunde kwa yote hayo, na hiyo si mbaya, ini limeshaondoka kwa milimita 2.4. Upana wote wa fokasi umekwisha kabla mkono haujafika. Ongeza usahihi wa mkono kutoka milimita 0.1 hadi 0.01 na hutapata chochote, kwa sababu tatizo lilikuwa muda.

Halafu kuna mafuta. Kompyuta za altrasaundi huchora picha kwa kudhani kwamba sauti husafiri mwilini kwa mita 1,540 kwa sekunde. Kwenye mafuta husafiri kwa 1,450 hivi. Mgonjwa mwenye tabaka la mafuta la sentimita 3 tumboni ataonekana kwenye picha kana kwamba uvimbe wake uko karibu milimita 2 chini zaidi ya ulipo. Roboti itaupiga uvimbe wa kwenye picha. Hapa ndipo wabunifu walipofanya jambo la busara ambalo halitangazwi vya kutosha: waliweka proba ndogo ya picha katikati ya proba kubwa ya tiba, zote zikitazama njia moja. Alama ya mawimbi ya tiba na uvimbe wenyewe vikionekana kwenye picha moja, kupitia mafuta yaleyale, vyote viwili hudanganywa kwa kiasi kinachokaribiana, na makosa mawili yanafutana kwa sehemu kubwa. Anayeuza mkono unaolenga kwa picha ya CT iliyopigwa wiki moja kabla, bila picha ya papo hapo kwenye njia ileile, hana ulinzi huo.

Mbavu ni kikwazo kingine. Zinafunika sehemu kubwa ya ini, hunyonya mawimbi na kupata joto, na ngozi iliyo juu yake huweza kuungua ingawa fokasi iko mbali chini. Lakini hapa, kwa haki, mkono wenye viungio sita au saba unaonyesha thamani yake: unaweza kuzunguka na kutafuta pembe inayopita kati ya mbavu mbili, na ukaishikilia. Mtu hawezi kuishikilia proba ya kilo kadhaa kwa pembe ya ajabu kwa dakika arobaini.

Watu wengi wasichotarajia ni kwamba mguso wenyewe unaharibu hesabu. Mpiga picha za altrasaundi akitaka kuona vizuri hubonyeza, na nguvu ya niutoni 10 huitoa bila hata kufikiri. Roboti ikifundishwa kumwiga, itausukuma ukuta wa tumbo ndani na kuvihamisha viungo vilivyo chini yake, kisha itapiga mahali palipokuwa pamepangwa kabla ya kubonyeza. Ikilegeza mguso kupita kiasi, hewa itaingia, na mpaka wa hewa na tishu hurudisha zaidi ya asilimia 99.9 ya nguvu ya mawimbi. Kiputo kimoja chini ya jeli, nywele zilizoshika hewa, au kovu lenye mikunjo linatosha kuharibu kipindi kizima au kuunguza ngozi. Ndiyo maana mashine zilizo makini hazibonyezi. Kati ya proba na ngozi huwekwa mfuko au beseni la maji yaliyoondolewa hewa, ili proba isogee majini na mwili usiguswe kwa nguvu. Maji hayo, ambayo hakuna anayeyapiga picha kwenye maonyesho ya teknolojia, yanahitaji mashine yake ya kuondoa hewa, vichujio vyake na mtu wa kuyaangalia kila siku.

Sasa tuone walioupata ufumbuzi walifanyaje. Njia ya wazi kuliko zote ni ile ya kutibu mitetemeko ya mikono kwa kofia ya kampuni ya Insightec yenye vipande 1,024 vya kutoa mawimbi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2016. Kichwa hubanwa kwa fremu yenye pini, CT ya fuvu hutumika kusahihisha jinsi kila kipande cha mfupa kitakavyochelewesha mawimbi, na kazi yote hufanyika ndani ya MRI inayopima joto la ubongo papo hapo. Daktari huanza na nguvu ndogo isiyodhuru. MRI humwonyesha doa la joto limetokea wapi. Likiwa limekosea milimita moja, analisogeza. Mgonjwa, aliye macho, huchora mstari wa kujizungusha kama ganda la konokono kwenye karatasi, na daktari anaona kama mkono umetulia au la. Ndipo nguvu hupandishwa. Nikisema kuona kabla ya kupiga, namaanisha utaratibu huu.

Histotripsi ya ini ina toleo lake la utaratibu huohuo. Mbinu ilizaliwa Chuo Kikuu cha Michigan, katika maabara ya Charles Cain na wenzake akiwemo Zhen Xu, na mashine ya kampuni ya HistoSonics iliruhusiwa Marekani mwezi Oktoba 2023 kwa uvimbe wa ini. Mgonjwa hupewa nusukaputi, kwa hiyo pumzi iko mikononi mwa daktari wa usingizi. Viputo vinavyosaga tishu vinaonekana vyeupe kwenye picha ya altrasaundi, na kabla ya kuanza mashine hurusha mapigo ya majaribio sehemu mbalimbali za eneo lililopangwa kuona nguvu kiasi gani inahitajika pale ili viputo vitokee. Kisha mkono wa roboti huipitisha fokasi kwenye uvimbe wote. Katika jaribio lililofungua njia ya kibali hicho, lililohusisha wagonjwa 44 na uvimbe 49 usiozidi sentimita 3, eneo lililopangwa lilifikiwa kwa uvimbe 42 kati ya 44 uliotathminiwa, na wagonjwa 3 walipata madhara makubwa. Nayaheshimu matokeo hayo, ila ni hesabu ya kulenga. Muda ambao mgonjwa ataishi na saratani yake ni hesabu nyingine, inayohitaji miaka ya kufuatilia.

Kuna pia watafiti wanaokataa kuizima pumzi. Kundi la Norihiro Koizumi, lililoanzia Chuo Kikuu cha Tokyo, lilijenga roboti inayofuata figo inapopanda na kushuka. Mradi wa FUTURA, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuongozwa na Scuola Superiore Sant'Anna ya Pisa, ulitumia mikono miwili, mmoja wa tiba na mwingine wa picha. Wote walikutana na ule ucheleweshaji niliouhesabu juu, na suluhisho linalonishawishi ni kugawana kazi. Pumzi hurudiarudia, hivyo programu inaweza kukisia ini litakuwa wapi sehemu ya tano ya sekunde ijayo. Proba yenye vipande vingi inaweza kuisogeza fokasi kwa umeme peke yake, ndani ya milisekunde, kwa sentimita moja hivi kutoka katikati. Ikizidi hapo nguvu hushuka na fokasi za uongo huanza kuchomoza pembeni. Basi mkono ufanye kazi ya sentimita, umeme ufanye kazi ya milimita. Mfumo unaouachia mkono wa chuma kazi ya kulikimbiza ini umegawa kazi vibaya, hata mota zake ziwe ghali namna gani.

Yanayosemwa vibarazani na ofisini

Nasikia mara nyingi kwamba altrasaundi ni mionzi. Si mionzi ya kuharibu vinasaba kama eksirei; ni mtetemo, ni sauti. Lakini wanaolijua hilo huteleza upande wa pili na kusema kwamba kwa kuwa ni sauti na hakuna kisu, haidhuru. Tiba inayoua seli za uvimbe kwa joto inaua seli za utumbo kwa joto lilelile. Ngozi zimeungua, neva zimeguswa, na baadhi ya wanaume waliotibiwa tezi dume wamepata tundu kati ya njia ya mkojo na njia ya haja kubwa. Kutokuwepo kwa kidonda cha nje kunamnyima daktari dalili ya haraka kwamba mambo yameenda kombo.

Wengine huamini roboti ndiyo inayoamua. Kwenye mashine zote nilizozitaja, daktari ndiye anayechora mpaka wa eneo la kutibiwa juu ya picha, na roboti hulijaza eneo hilo. Mpaka ukichorwa vibaya utajazwa kwa uaminifu wote. Hili linaelekea moja kwa moja kwenye dai ninalolipinga kwa nguvu zaidi, kwamba roboti itaziba upungufu wetu wa wataalamu. Inauhamisha tu. Badala ya daktari mmoja wa upasuaji unahitaji anayesoma picha za altrasaundi kwa kiwango cha juu, daktari wa usingizi anayeweza kuitawala pumzi kwa dakika na sekunde, na mhandisi wa vifaa tiba anayejua kupima mawimbi ndani ya maji. Mpango wa Kenya wa kukodisha vifaa kwa hospitali za kaunti, ulioanza 2015, ulifika hadi kuchunguzwa na Seneti, na miongoni mwa yaliyoonekana ni vifaa vilivyokaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu au miundombinu. Vifaa vile vilikuwa rahisi kuliko hivi.

Upande mwingine wako wenzangu wa fiziotherapia wanaosema mkono wenye uzoefu unatosha. Kwa kazi yao wana hoja: proba yao haina fokasi kali, na kuizungusha kwa mkono ndiko kunakozuia sehemu moja isipate joto jingi. Kama tiba hiyo inasaidia kweli ni mjadala mwingine, na ushahidi wake kwa maumivu mengi ni hafifu kuliko matumizi yake yalivyo mapana. Ila uzoefu wa goti usihamishiwe kwenye ini. Kule proba inatibu eneo la kiganja kwa nguvu ndogo; huku inaharibu tishu kwa makusudi, milimita kwa milimita, na asiyejua alipo hana haki ya kuwasha.

Basi tufanye nini? Ushauri wangu wa kwanza utawaudhi wanaotaka kuanza na kilicho kipya kabisa: hospitali yoyote ya rufaa Afrika Mashariki inayofikiria tiba hii ianze na uvimbe wa kizazi, faibroidi, na saratani ya ini ingoje. Saratani ya ini kwetu, ambayo homa ya ini aina ya B na sumukuvu vinaichochea, mara nyingi hufika hospitalini ikiwa kubwa mno, mbali na zile sentimita 3 za jaribio. Faibroidi ni za kila siku. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2003 ulikadiria kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi huwa nazo wanapofika miaka 50, ingawa si wote wenye dalili. Mashine ya kuzitibu kwa altrasaundi inayoongozwa na MRI iliruhusiwa huko tangu 2004, na China imetibu wanawake wengi kwa mashine zinazoongozwa na altrasaundi peke yake. Kizazi hakikimbii na pumzi. Husogea polepole kibofu kinapojaa, na kibofu kinadhibitiwa kwa katheta. Matumbo yanayokatiza mbele yanaweza kusukumwa pembeni kwa mfuko wa maji. Tatizo gumu la roboti, lile la muda, linakuwa dogo sana, na hospitali inajifunza mengine yote kwanza: maji, mguso, picha, vipimo.

Siyo kwamba kizazi hakina mtego wake. Wanawake wengi wetu wana kovu la upasuaji wa kujifungua, na kovu likiwa kwenye njia ya mawimbi hunyonya nguvu na kuungua. Lazima kovu lichorwe kwenye mpango, na roboti iinamishe proba ipite pembeni yake. Ikishindikana, mgonjwa arudishwe kwa njia nyingine ya tiba bila kusitasita. Vilevile mwanamke anayetaka kuzaa aambiwe wazi kwamba ushahidi juu ya mimba baada ya tiba hii bado unakusanywa, na kwamba upasuaji wa kuondoa uvimbe na kuacha kizazi bado upo.

Jambo la pili ni la bei nafuu na linaweza kuanza mwezi huu. Tunazo tayari mashine za fiziotherapia katika hospitali nyingi, na chache hupimwa kama zinatoa nguvu zinayoonyesha kwenye kioo. Kipimo chake kinategemea fizikia ya shuleni. Altrasaundi ya wati 1 ikipigwa ndani ya maji kwenye kizuizi kinachoinyonya yote hukisukuma kwa nguvu sawa na uzito wa miligramu 68. Mizani nzuri ya maabara, ndoo ndogo ya maji yaliyochemshwa kuondoa hewa na kipande cha mpira unaonyonya sauti vinatosha kujua kama wati 5 za kwenye kioo ni wati 5 kweli. Vyuo vinavyofundisha uhandisi wa vifaa tiba, kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), vinaweza kuwapa wanafunzi kazi hii hospitali kwa hospitali. Aliyejifunza kutoiamini tarakimu ya mashine ya goti hataiamini kirahisi ya mashine ya ini.

Vyuo hivyohivyo visiogope kujenga. Nchini Saiprasi, Christakis Damianou wa chuo kikuu cha teknolojia cha huko na wenzake wameunda roboti nyingi za kusogeza proba ndani ya MRI kwa vipande vya plastiki vilivyochapwa kwa printa ya 3D, zikiendeshwa na mota za piezo ambazo hazina sumaku, kwa kuwa mota ya kawaida haiwezi kuingia kwenye MRI. Wanazijaribu kwenye miili bandia ya agari, aina ya jeli ngumu. Saiprasi ina watu wachache kuliko mkoa wa Dar es Salaam. Sidai tutazitumia roboti zetu kwa wagonjwa kesho. Nadai kwamba aliyewahi kuijenga moja na kuiona ikikosa shabaha ndani ya agari atamuuliza muuzaji maswali tofauti kabisa.

Na maswali hayo yaandikwe kwenye zabuni. Achaneni na kifungu kinachotaka usahihi wa mkono kwa milimita. Kila mkono utakipita. Badala yake muuzaji alete mashine yake kwenye chumba cha hospitali yenyewe, na mhandisi wa hospitali aweke mbele yake mwili bandia alioutengeneza yeye, wenye tabaka la mafuta la sentimita 3 juu na shabaha ndani ambayo muuzaji hajaiona. Kwa mashine ya kizazi, shabaha itulie. Kwa mashine ya ini, mwili huo uwekwe kwenye jukwaa linalosogea milimita 15, mara 15 kwa dakika. Umeme ukatwe mara moja katikati ya kazi, ili ionekane kama mashine inajua ilipoishia au inaanza upya kwa kukisia. Kisha agari ikatwe kwa kisu, umbali kati ya doa lililopangwa na doa lililopatikana upimwe kwa rula mbele ya wote, na tarakimu hiyo, pamoja na tarehe na jina la aliyepima, iingie kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza.